Mtu wa Kukaa Katikati

Mara nyingi swali la kwanza wanandoa wanalomuuliza mshauri halihusu ndoa yao. Linamhusu yeye. Umeoa? Umeolewa? Wewe ni wa huku huku au umehamia? Unasali wapi? Wengine hawatamki. Wanatazama kidole kama kina pete, wanatazama ukutani kama kuna msalaba au kalenda ya msikiti, kisha wanaamua waseme kiasi gani. Wapo washauri wanaoudhika na maswali haya, wanayaona ni utovu wa adabu. Mimi naona hakuna la maana zaidi litakaloulizwa siku hiyo. Mtu anayekuja kufunua ya chumbani kwake ana haki ya kujua anamfunulia nani, na huyo anayefunuliwa ametokea wapi.

Nimekuwa mjumbe wa baraza la usuluhishi wa ndoa katika kata moja pembezoni mwa Dar es Salaam kwa muda wa kutosha kuamini jambo moja: mshauri hawezi kuwasaidia watu wawili ikiwa moyoni mwake amekwisha kuamua kwamba ndoa yao lazima idumu. Kauli hii inawakera wengi, hasa wazazi na viongozi wetu wa dini. Wataniuliza, kazi yenyewe inaitwa usuluhishi, sasa usuluhishi gani usiotaka suluhu? Naitaka suluhu, tena sana. Nikiona watu wameondoka barazani wakizungumza njiani, siku yangu yote inakuwa njema. Lakini nimeona yanayotokea kwa mtu aliyepanga mwisho wa mazungumzo kabla hayajaanza. Anasikia kilio, hasikii sababu yake. Mke akitaja kibao alichopigwa, yeye anakimbilia kuuliza kama mume ameomba msamaha. Mume akisema hajagusana na mkewe tangu mtoto wa mwisho azaliwe, anaambiwa wanawake ndivyo walivyo, avute subira. Kila neno linapokelewa kwa sharti kwamba lisiharibu mwisho uliokwisha kupangwa.

Historia ya kazi hii ina watu wengi waliokuja na ya kwao. Miongoni mwa ofisi za kwanza za ushauri wa ndoa nchini Marekani ni ile aliyoifungua Paul Popenoe huko Los Angeles mwaka 1930. Popenoe hakuwa daktari, hakuwa mchungaji, wala hakusomea saikolojia. Ujana wake aliutumia kwenye mitende: alisafiri Mashariki ya Kati na Afrika ya Kaskazini kutafuta machipukizi ya tende bora ya kupanda California, na mwaka 1913 akatoa kitabu juu ya kilimo hicho. Kutoka kuchagua mbegu za mitende akahamia kuchagua mbegu za watu. Aliamini wapo wanaostahili kuzaa na wasiostahili, akatetea hadharani sheria za kuwafunga uzazi wale aliowahesabu kuwa wa daraja la chini. Ushauri wa ndoa ulitoka kwenye imani hiyo hiyo, kwa sababu wale aliowaona bora aliwataka wakae pamoja wazae. Mwaka 1953 mashauri ya ofisi yake yakaanza kuchapishwa katika jarida la Ladies' Home Journal, kwenye safu ambayo jina lake lilikuwa swali: je, ndoa hii inaweza kuokolewa? Mamilioni ya wasomaji waliipenda. Nami naona shida imo ndani ya swali lenyewe, maana limeuliza habari za ndoa na kuwaruka wale wawili waliomo.

Simtaji Popenoe ili tujione wema kuliko yeye. Huku kwetu pwani mshauri wa ndoa aliye mashuhuri kuliko wote ni mama mgonjwa. Mwana Kupona binti Msham, mjane wa Bwana Mataka wa Siu, alitunga utendi wake mwaka 1858 kwa ajili ya binti yake, na hakuishi muda mrefu baada ya hapo. Vizazi vya wasichana vimelelewa kwa mashauri yake, ambamo mume anawekwa pamoja na Mungu, Mtume, baba na mama katika orodha ya wale watano wa kuridhishwa. Amelaumiwa kwa hilo, na wapo waliomtetea. Mimi nikiusoma utendi ule namwona mzazi anayejua kwamba hatakuwepo. Anamkabidhi mwanawe kila alichonacho cha kumwezesha kuishi salama kwenye nyumba ya mtu mwenye nguvu kumshinda. Ni ushauri wa kweli wa mtu wa zama zake na wa mahali pake. Lakini msikilizaji ni mmoja tu, mume hakuitwa. Makungwi waliokuja baadaye, na siku hizi akina mama wanaopokezana kipaza sauti kwenye kicheni pati, wameendelea kumsemesha yule yule mmoja. Bi harusi anafundishwa kupika, kunyamaza, kuoga na kuomba radhi. Bwana harusi usiku huo yuko na wenzake, na ikiwa kuna aliyemwambia neno, basi amemwambia asikubali kutawaliwa na mwanamke.

Kuna njia nyingine ya zamani, na kwangu ina hekima ambayo bado hatujaitumia yote. Aya ya 35 ya Suratun Nisaa inaagiza wasuluhishi wawili pale mfarakano unapohofiwa, mmoja kutoka jamaa za mume na mmoja kutoka jamaa za mke. Mila nyingi za bara nazo ziliwakalisha wazee wa pande zote mbili. Hawakupoteza muda kumtafuta mtu asiye na upande, kwa sababu walijua hayupo. Walichukua watu wawili ambao upande wao unajulikana, wakawakalisha wakabiliane. Mshauri wa leo mwenye ofisi yake, au mchungaji ofisini kwake, anajaribu kuwa wote wawili ndani ya kiti kimoja. Inawezekana, lakini ni kazi nzito, na hataiweza kama hajajiuliza mwenyewe, kwa dhati, yeye ni jamaa wa nani.

Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, inayotumika Tanzania Bara, iliuchukua utaratibu wa wazee ikaupa sura ya serikali. Chini ya kifungu cha 101, shauri la talaka haliendi mahakamani mpaka mgogoro uwe umepita barazani na baraza liwe limethibitisha kwamba limeshindwa kuwapatanisha. Yapo ya kusamehewa: mwenzio amekutoroka na hujui aliko, amefungwa miaka mitano au zaidi, ameitwa barazani akagoma kwa makusudi. Baraza ni mwenyekiti na wajumbe wasiopungua wawili wala kuzidi watano. BAKWATA wana mabaraza yao na makanisa yana ya kwao, na kata zina haya yetu. Wakili haruhusiwi kumsemea mtu mbele yetu. Hilo nalipenda, kwa sababu humlazimu mtu kusema kwa kinywa chake. Hati ya kushindwa tukishaitoa, mahakama itaipokea ikiwa haijapita miezi sita.

Sheria haimtaki mjumbe awe amesomea ushauri nasaha. Kwa hiyo tunakuja kama tulivyo. Mwalimu mstaafu anauliza kama anasahihisha daftari. Mfanyabiashara anatafuta hesabu ilipopotea. Shekhe na mzee wa kanisa wanasikia kiapo kilipovunjwa. Mwenyekiti wetu alikuwa mkunga, miaka mingi kwenye wodi ya wazazi, na kila ninachokijua cha kazi hii nimekiona kwake kwanza. Huko wodini, alinieleza, alijifunza kutomwambia mama asukume kabla ya wakati. Barazani ni hivyo hivyo. Wengine tukishaona pa kupatania tunaharakisha, yeye anangoja.

Ana utaratibu ambao haubadilishi. Kila mmoja anaonana naye peke yake kabla ya kukaa wote, hata kama wamekuja wameshikana mikono. Anauliza habari za watoto, za kazi, za wakwe. Kisha anauliza kama kuna mtu nyumbani anayemwogopa. Anauliza kwa sauti ile ile aliyoulizia watoto, na anamuuliza mwanamume pia. Baada ya hapo ndipo anawaita pamoja. Meza anaiondoa katikati, anaisogeza ukutani, kwa sababu anasema watu wakiwa na meza mbele yao wanaanza kutoa ushahidi.

Nieleze kisa kimoja, nikiwa nimebadilisha ya kubadilisha ili wenyewe wasijulikane. Mume fundi umeme, mke mama lishe. Mume ndiye aliyeleta malalamiko, na yalikuwa neno moja: ananidharau. Neno hili tunalisikia karibu kila tukikaa, na wajumbe wengi hulijibu papo hapo kwa hotuba ya heshima. Mwenyekiti hakuhutubu.

“Baba, dharau hiyo siku ya kwanza uliionea wapi?”

Akaeleza. Alirudi kutoka kazini akakuta vijana wawili wamesimama mlangoni na televisheni yake imebebwa. Mkewe alichukua mkopo, ule wa kausha damu, marejesho ya kila siku, na alikuwa amekwama. Jirani, anayeuza maji ya madumu, ndiye aliyemweleza yote, tangu siku mkopo ulipochukuliwa.

Mke akataka kudakia. Mwenyekiti akainua mkono taratibu. “Mwanangu, usijibu kwanza. Niambie mwenzio amesema nini.”

“Amesema mimi mwongo.”

“Hajasema hivyo. Baba, hebu rudia.”

Mume akarudia, na safari hii sauti ilishuka. “Nimesema jirani alijua kabla yangu.”

Pale nilimwona mke akitulia. Yeye alikuja amejiandaa kujitetea kwa habari ya pesa, na mwenzake hakuwa na kesi ya pesa. Akaeleza upande wake: wakati ule kazi za mumewe zilikuwa zimekauka, shule zinafunguliwa, na mume alikuwa amekwisha kutamka nyumbani kwamba asiulizwe habari za hela mpaka atakapopata kazi. Yeye hakuuliza. Alikwenda kukopa.

“Na wewe, baba. Umesikia nini?”

Alikaa kimya muda mrefu kiasi kwamba mjumbe mmoja alianza kupekua karatasi. “Amesema aliogopa.”

“Sijasema niliogopa,” mke akajibu upesi. Kisha, baada ya kitambo: “Lakini ndiyo.”

Siku ile hawakupatana. Deni lilikuwepo, televisheni haikurudi, na mume alikuwa bado na hasira. Walikuja tena, kisha wakaacha kuja, na baraza halina utaratibu wa kumfuata mtu nyumbani kwake kujua alifika wapi. Lakini mbinu niliyoiona ni rahisi kuitaja na ngumu kuifanya: hakuna kujibu kabla ya kusema ulichosikia, na aliyesema ndiye anayeamua kama umesikia sawa. Vyuo vinaifundisha kwa majina makubwa. Mwenyekiti wetu aliipata kwa kuwatuliza ndugu wanaogombana nje ya wodi.

Neno lile la mume nalo limechunguzwa mbali na hapa. John Gottman, aliyesoma hisabati kabla ya kuingia saikolojia, alianzisha mwaka 1986 katika Chuo Kikuu cha Washington, Seattle, maabara iliyopangwa kama nyumba ndogo ya kuishi. Wanandoa walikaa mle wakirekodiwa na mapigo ya moyo wao yakipimwa. Aliona mambo manne yanayoashiria ndoa iko njiani kuvunjika: kumshambulia mtu badala ya kulalamikia kitendo, kujitetea kila wakati, kujifungia usiseme wala usisikie, na dharau. Dharau ndiyo aliyoikuta mbaya kuliko zote. Kwa hiyo wanaume na wanawake wanaokuja kwenye ofisi ya kata na neno hilo moja hawakosei. Wameshika palepale penye jeraha. Tunaokosea ni sisi, tukilichukulia kama suala la adabu ya kumwamkia mume.

Gottman aliona pia kwamba ugomvi mwingi, takriban asilimia 69, hauishi kabisa. Watu wanaodumu na wanaoachana wote wanao. Tofauti iko kwenye namna wanavyouzungumza. Nikiangalia wanaokuja kwetu naamini hivyo. Pesa inayotumwa kwa mama wa mume kila mwezi haitaacha kutumwa. Mke anayependa kukaa kwa dada zake ataendelea kupenda. Mjumbe anayetaka kila jambo liishe kwa makubaliano yenye sahihi anawapa watu ahadi ya uongo, na watakaporudi na jambo lile lile watajiona wameshindwa ndoa, kumbe wameshindwa karatasi.

Hayo ni ya wale wanaoweza kukaa pamoja chumbani bila mmoja kuhatarisha maisha yake. Wapo wengine.

Mwanamke mmoja alitufikia akiwa amepitia kwenye meza nyingine, sitasema ipi, na kila mara alirudishwa nyumbani na ushauri wa kuvumilia. Alikuwa na kovu lililokata unyusi. Mbele ya mumewe hakusema lolote la kupigwa; alisema wana kutoelewana kidogo. Alipokuwa peke yake na mwenyekiti aliulizwa lile swali la kumwogopa mtu, akajibu kwa kuuliza kama mlango umefungwa.

Utafiti wa kitaifa wa Demografia na Afya wa 2015-16 ulikuta kwamba wanawake 4 kati ya 10 wa miaka 15 hadi 49 walikwisha kufanyiwa ukatili wa kimwili tangu walipofikisha miaka 15. Nikikaa barazani, idadi ile imekaa mbele yangu kwenye benchi. Na sheria yetu haina kigugumizi juu ya hili. Kifungu cha 66 cha Sheria ile ile ya 1971 kinasema wazi kwamba hakuna mtu mwenye haki ya kumwadhibu mwenzi wake kwa kumpiga, hata kama mila inamruhusu. Kina zaidi ya nusu karne. Bado nawasikia wasuluhishi, watu wema, wenye sala zao, wakimuuliza mwanamke alimkosea nini mumewe hata akampiga. Siamini kwamba ni wakatili. Wametoka kwenye nyumba ambamo mama zao walivumilia, na wakakua wakiambiwa kwamba uvumilivu ule ndio uliowasomesha. Kumruhusu huyu aondoke ni kama kusema mama aliteseka bure. Hapo ndipo alikotoka mshauri kunapoingia chumbani bila kubisha hodi, na ndiyo maana nasema swali la umetoka wapi si utovu wa adabu.

Mwenyekiti aliandika hati siku ile ile. Aliandika kwamba baraza limeshindwa, ingawa kwa kweli halikujaribu kuwapatanisha, na halikupaswa kujaribu. Akampa mtu wa kumsindikiza hadi Dawati la Jinsia na Watoto kituo cha polisi. Mjumbe mmoja alilalamika kwamba tumevunja nyumba. Alijibiwa kwa upole kwamba nyumba ilivunjwa kabla haijafika kwetu, na sisi tumeombwa tuseme ukweli kwenye karatasi.

Nimesikia mabaraza yakijisifu kwa uchache wa hati yanazotoa. Kipimo hicho kinanitia hofu. Hati inayonyimwa haimrudishi mtu kwenye mapenzi. Inamrudisha alikotoka, na safari hii hana tena pa kushtakia. Ipo na ile hofu ya mali. Mume anasema nyumba nimejenga mimi, aondoke na nguo zake, na mke anaamini, kwa hiyo anabaki. Kugawa mali si kazi ya baraza, ni ya mahakama, lakini mshauri anayeijua sheria anaweza kumwondolea mtu uongo huo. Mwaka 1983, katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, Mahakama ya Rufani chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali ilisema kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango katika mali iliyochumwa na wanandoa. Bi Hawa mwenyewe hakupata mgawo alioudai, kwa sababu nyingine za shauri lake, lakini msingi uliowekwa umewafaa wengi baada yake. Mwenyekiti huwaeleza hili wote wawili, mume akiwepo, kabla hawajaamua lolote. Wapo waliobaki baada ya kujua kwamba wangeweza kuondoka. Kwangu huko ndiko kubaki.

Na wanaoachana nao ni wateja wetu. Mwenyekiti hawaachii waondoke na hati mpaka wamezungumza nani atawaambia watoto, ada italipwa na nani, Idi au Krismasi watoto watakuwa wapi. Mara nyingi mazungumzo hayo ndiyo ya kwanza ya kistaarabu waliyofanya kwa mwaka mzima, kwa sababu hakuna tena anayepigania ushindi.

Ninachotaka kwa mabaraza ya kata si kikubwa. Nataka wajumbe wafundishwe, hata kwa siku chache, kumwona kila mtu peke yake na kuuliza lile swali la hofu bila kuliogopa wao. Nataka nusu ya wajumbe wawe wanawake. Na nataka chumba cha pili. Ofisi yetu ina chumba kimoja, na anayesubiri zamu yake hukaa kwenye benchi chini ya dirisha lisilo na kioo, ambapo kila kinachosemwa ndani kinamfikia. Mwenyekiti anamtuma akanunue vocha au anamwomba mjumbe atembee naye hadi barabarani, na kuna siku mtu anakataa kusogea. Tumeiandikia halmashauri. Msomaji akipita kwenye ofisi ya kata yake, naomba aulize baraza la ndoa linakutana wapi, na yule wa pili anasubiria wapi.